Kuku Aliyepikwa na Baba

Juzi nilishuka basi Thornton Heath, kusini mwa London, kwa sababu ya jino. Daktari wangu wa meno bado yuko kule kule, na mimi ni mtu wa kuhama nyumba lakini si wa kuhama madaktari. Nilipotoka kwake, nusu ya mdomo ikiwa na ganzi, nilijikuta nimesimama mbele ya duka la vifaa vya simu nikitafuta harufu ya nyama. Hapo ndipo zamani palipokuwa na bucha alikonunua kuku Baba. Kijana wa dukani aliniuliza nataka kava ya rangi gani. Nikamwambia naangalia tu, na kweli nilikuwa naangalia, ila si alichokuwa akiuza.

Mwenye bucha alikuwa Mhindi mzaliwa wa Nairobi aliyehamia Uingereza akiwa kijana. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, kifupi na cha haraka, na alikitumia kwa furaha kila alipomwona Baba mlangoni. "Kuku ngumu iko, mzee," angesema kabla hata hajasalimiwa. "Na vitu yake yote nimeweka ndani."

Kama hujaishi London huenda usijue kuku mgumu ni nani. Ni kuku wa mayai aliyetaga mpaka akachoka, mwembamba, mwenye ngozi ya manjano na nyama isiyotaka mzaha. Kuku wa supamaketi ni mnene na mlaini, na tumboni hana kitu, wamekwisha kumsafisha. Baba hakumtaka huyo. Alitaka kuku mwenye shingo, maini na, zaidi ya yote, firigisi.

Kwetu, magharibi mwa Kenya, firigisi si kipande cha nyama tu. Ni ya mwenye nyumba. Akija mgeni anayemzidi kwa umri au heshima, mwenye nyumba humpisha. Mwanamke haili. Nimesikia habari za wanawake waliorudishwa kwa wazazi wao kwa sababu ya firigisi iliyopotea kati ya jiko na meza. Sijui kama ni kweli, lakini waliosimulia hawakuwa wakicheka. Mama hakuwa mtu wa kwetu. Alikuwa Mtaita, ndiyo maana nyumbani tulizungumza Kiswahili, na jambo la firigisi alifundishwa na wakwe zake alipoolewa, pamoja na mengine mengi aliyoyashika bila kubisha.

Tuliishi ghorofani, juu ya barabara kuu, katika fleti ambayo jiko lake lilitosha mtu mmoja na nusu. Baba aliendesha basi. Aliondoka kabla hatujaamka na kurudi wakati wa kututoa shule, mimi na mdogo wangu. Mama alihudumia wazee katika nyumba ya kulelea wazee upande wa Croydon: aliwaogesha, aliwalisha, aliwageuza kitandani, kisha akapanda basi kuja kutupikia sisi. Baba alikuwa ameshakaa nyumbani tangu alasiri, amevua viatu, anasoma gazeti. Si kwamba alikuwa mvivu. Hakuna mtu aliyewahi kumwambia kwamba mikono yake inaweza kukata kitunguu.

Mama akichelewa tulikula kuku wa boksi kutoka duka la chini. Ngozi yake ilikuwa kavu na nyekundu, na chipsi zake ziliacha mafuta hata kwenye madaftari ya shule. Tulimpenda sana kuku yule, nisikudanganye. Lakini mdogo wangu alianza kuumwa tumbo karibu kila siku, na mimi nilikuwa nalala darasani. Mwalimu alimwita Baba akamuuliza kwa upole tunakula nini nyumbani. Baba akajibu kwamba tunakula vizuri.

Kisha jioni moja Mama alibandika mchele, akaketi kwenye kiti cha jikoni ili apumzishe miguu, akalala. King'ora cha moshi kililia, sisi tukakimbia, na tukamkuta bado amelala, mdomo wazi, moshi umemzunguka, sare ya kazini haijavuliwa. Baba alizima jiko, akafungua dirisha, akasimama akimwangalia. Sijawahi kumwona mtu mzima akiogopa namna ile. Jumapili iliyofuata aliingia jikoni akafunga mlango.

Kuku wake wa kwanza alikuwa msiba. Alinunua wa supamaketi, kwa kuwa hakujua tofauti, akamchemsha kama alivyokumbuka mama yake akifanya: kuanzia asubuhi, moto wa wastani, mpaka watu warudi kanisani. Lakini kuku yule hakuwa amewahi kutembea hata hatua mbili maishani mwake. Alipofunuliwa alikuwa uji wenye mifupa. Mdogo wangu aliuliza kama ni supu ya samaki. Mama alikula sahani yake yote, akaongeza, na akamwambia Baba kwamba chumvi imekaa sawa.

Baba alihitaji mwalimu, na mwalimu aliyemwamini ni mmoja tu: mama yake, ambaye sisi tulimwita kukhu. Tatizo ni kwamba hakuweza kumwambia anapika. Basi alikuwa anampigia simu na kujifanya ameshikwa na hamu ya nyumbani. "Mama, leo nimekumbuka ile kuku yako," angesema, sauti ya huzuni kabisa. "Kwani ulikuwa unaanza na nini, vitunguu ama tangawizi?" Na kukhu, aliyefurahi kwamba mwanawe hajasahau chakula chake, alimweleza kila kitu: lini uweke chumvi, kwa nini usifunue sufuria ovyo, namna ya kujua kwa harufu kwamba nyama imeanza kulegea. Baba alisikiliza akiwa amesimama kando ya jiko, simu imebanwa kwa bega, mwiko mkononi. Kukhu alifariki bila kujua kwamba alimfundisha mwanawe kupika. Alidhani anambembeleza.

Ndipo akampata mwenye bucha na kuku mgumu, na nyumba yetu ikabadilika. Kuku mmoja wa Jumapili alitulisha karibu wiki nzima. Baba alimwosha kwa ndimu na chumvi, akamchemsha taratibu na tangawizi na kitunguu kimoja kizima, mpaka madirisha yakatoka jasho. Mapaja na mabawa aliyakaanga na nyanya, tukala na ugali siku ileile. Kidari alikichambua kwa vidole akakiweka kwenye friza, na katikati ya wiki kilirudi kimechanganywa na sukuma, au kimelala juu ya wali. Supu aliigawa mara mbili: nyingine ya karoti na viazi kwa ajili yetu tukitoka shule na baridi, nyingine ya kupikia ndengu. Mifupa iliyobaki aliichemsha tena, maana hakupenda kutupa kitu. Ukiniuliza leo lishe bora ni nini, sitakueleza habari za vitamini. Nitakueleza kwamba mdogo wangu aliacha kuumwa tumbo na mimi nikaacha kulala darasani.

Lakini ilikuwa siri, na siri yetu ilikuwa na taratibu zake. Mlango wa jikoni ulifungwa. Kengele ikilia na ikawa ni mtu wa kwetu, Baba alivua aproni, akarukia kiti cha sebuleni na kufungua gazeti popote lilipofunguka, na Mama, hata kama alikuwa amejilaza, aliamka akaenda kusimama mbele ya sufuria. Wageni walimsifu. "Mama watoto, hapa umetuua," walisema wakilamba vidole, na yeye aliinamisha kichwa akashukuru. Mimi na mdogo wangu tuliona ni mchezo mzuri sana. Hatukujua bado kwamba Baba alikuwa akiogopa kweli.

Firigisi nayo ilipata njia yake. Mwanzoni Baba alijipakulia mwenyewe, kama ilivyo desturi. Jumapili moja niliingia jikoni kuchukua maji nikamkuta ameishika kwenye kijiko, anaitazama. Pembeni palikuwa na lile kopo la aiskrimu ambalo Mama alibebea chakula cha kazini. Akaidondosha humo, akafunika. Mama alirudi na kopo tupu. Tangu hapo kila firigisi iliyoingia nyumba ile ilienda Croydon kwa basi.

Nilikuwa karibu kumaliza shule ya msingi baba mkubwa alipokuja London. Alikuja kumtembelea mtu wa kanisa lake, na wiki moja akakaa kwetu. Huyu ndiye kaka yake Baba aliyemlea baada ya babu yetu kufariki. Alimsomesha, alimnunulia viatu vya kwanza, alisimama mbele ya watu siku ya harusi yake, ingawa harusi yenyewe hakuitaka. Alisema tangu mwanzo kwamba mwanamke wa Taita hatajua mambo yetu. Baba hakumwogopa mtu yeyote duniani kama alivyomwogopa yeye, na aliogopa jambo moja hasa: kwamba kaka yake atarudi nyumbani akawaambia watu London imemgeuza.

"Akiwa hapa nitapika mimi," Mama alisema. "Wiki moja haiwezi kuniua. Mwache aende na heshima yako ikiwa nzima."

Baba alipinga kidogo, akakubali. Basi Mama alitoka kazini, akapika, akapakua, akapiga goti kumnawisha shemeji yake mikono, na sisi tuliona macho yake yakizidi kuingia ndani siku baada ya siku. Kila jioni firigisi ilipokuwepo ilikaa juu kabisa ya bakuli la mgeni. Baba mkubwa aliikuta, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akala. Nafikiri alikuwa ameanza kulegea moyo.

Jumapili, baba mkubwa alikwenda ibada ya Wakenya kule Lewisham. Mama alikuwa ameshabandika kuku simu ilipolia: mwenzake ameugua, aende akashike nafasi kuanzia mchana. Baba akamnyang'anya mwiko. "Nenda ukavae," alisema. "Nitamalizia. Atajua ni wewe." Akamalizia, na Mama alipokuwa mlangoni akifunga koti, Baba alimtia kopo lake mkononi kama siku zote.

Unajua tayari kilichokuwa ndani ya kopo. Baba hakujua. Mkono wake ulikuwa umezoea, ukafanya kilichozoeleka.

Baba mkubwa alirudi na njaa na furaha ya kanisani. Nilimnawisha mikono. Baba alileta ugali, mboga, na bakuli la kuku, akasema Mama amepika kisha akaitwa kazini. Tukaomba, tukaanza. Baba mkubwa alichovya kijiko bakulini, akageuza vipande. Akageuza tena.

"Hii kuku ilikuwa nzima?" aliuliza.

"Nzima," Baba akasema.

"Na vitu vyake?"

"Na vitu vyake." Hapo ndipo nilipoona uso wa Baba ukikumbuka.

Baba mkubwa aliweka kijiko chini taratibu. "Basi shemeji amejisahau. Wiki nzima amejikaza, leo ameshindwa. Simlaumu. Nilikuambia zamani, ndugu yangu, huyu si mtu wa kwetu. Ameila jikoni huko, akijua mimi niko kanisani."

Nilikuwa na umri wa kutosha kuona kwamba njia za kupita zilikuwepo. Angeweza kusema kuku wa London hawana firigisi, na nani angebisha? Angeweza hata kunyamaza, Mama akabeba lawama akiwa mbali, na jioni angemwomba msamaha, na Mama angemsamehe. Nilimwomba Mungu kimoyomoyo aseme jambo lolote lile, mradi tumalize kula.

"Hajaila jikoni," Baba akasema. "Nimemwekea mimi, ameenda nayo kazini. Na kuku nimepika mimi."

"Wewe."

"Mimi."

"Leo?"

"Leo, na siku zote. Wiki hii tu ndiyo amepika yeye, kwa ajili yako."

Mdogo wangu, ambaye alielewa Kiswahili chote lakini alijibu kwa Kiingereza tu, aliongeza kwamba kuku wa Baba wa siku zingine ni mtamu kuliko huyu. Baba mkubwa alimtazama Baba. Hakukasirika, na hilo ndilo lililotisha. Alikuwa na huzuni, kama mtu aliyefika hospitali akachelewa.

"Na anaila?" aliuliza. "Wewe ukiwepo?"

"Huila kazini. Sijawahi kumwona."

Baba mkubwa akaomba maji ya kunawa, na chakula chake kikabaki pale.

Jioni tulikuwa sebuleni, taarifa ya habari inasema peke yake, tuliposikia Mama akipanda ngazi mbio. Alikuwa amefungua kopo wakati wa mapumziko, akaona kilichomo, akajua nani anaitafuta nyumbani. Hakuila. Aliingia akitweta, akaenda moja kwa moja jikoni, akatoka na sahani, firigisi iko katikati yake peke yake. Akapiga goti mbele ya baba mkubwa.

"Shemeji, nisamehe," alisema. "Nilipakua vibaya. Ni mimi nilichanganya."

Baba akainuka, akaichukua ile sahani mkononi mwa Mama, akarudi nayo jikoni. Tulisikia maikrowevu ikizunguka. Aliporudi alivuta kiti, akaweka sahani mezani.

"Kaa ule," alimwambia Mama.

"Baba watoto, acha."

"Ni yako. Kaa."

Mama alimtazama shemeji yake, akamtazama mumewe, kisha akaketi, na koti lake bado liko mwilini. Aliila pale mbele yetu sote. Alitafuna polepole, maana firigisi ya kuku mgumu haina haraka, na muda wote ule baba mkubwa alikodolea macho televisheni ambayo wakati huo ilikuwa ikieleza habari za mvua. Mama alipomeza alifuta mdomo kwa kiganja.

"Leo umezidisha chumvi," akamwambia Baba.

Nilimpenda Baba siku ile kuliko siku yoyote. Nalisema waziwazi kwa kuwa yeye mwenyewe sikuwahi kumwambia.

Alilipia. Baba mkubwa alirudi nyumbani akasema alichokiona, bila chuki, kama unavyoeleza ugonjwa wa ndugu. Baba akapewa jina: Mpishi. Shamba la babu lilipogawanywa hakupigiwa simu, aliambiwa baadaye. Binamu zangu walipooa, mahari ilijadiliwa bila yeye. Kila alipokwenda likizo alipewa kiti, lakini si upande wa wazee wenzake. Baadhi ya watu wetu wa London wakapunguza kututembelea Jumapili. Yeye akafungua mlango wa jikoni, akauacha wazi, akaendelea kupika. Nilimwuliza mara moja kama anajuta. Akasema nimletee vitunguu.

Leo fleti ile ina watu wengine, na dirisha la jikoni limewekwa kioo cha kisasa ambacho nadhani hakitoki jasho. Mwenye bucha alikwisha kustaafu, sijui yuko wapi. Mdogo wangu anakula chakula kinacholetwa mlangoni na kijana wa pikipiki. Mimi mwenyewe nina watoto na kazi na simu isiyonyamaza, na jioni nyingi nachoma kidari cha supamaketi ndani ya jiko, dakika chache, kimekwisha. Ni chakula kizuri. Watoto wanashiba. Hakuna anayesikia harufu yake kutoka ngazini.

Baba tulimzika nyumbani, Kenya. Baba mkubwa, mzee sasa, alizungumza kwa niaba ya ukoo. Alieleza utoto wa Baba, masomo yake, kwamba alivuka bahari, kwamba aliendesha mabasi makubwa ya ghorofa katika mji wa London, kwamba hakuwahi kugombana na mtu. Yote yalikuwa kweli. Mchungaji naye akayarudia. Watu wa kazini kwake walikuwa wametuma salamu, zikasomwa. Kisha wakampa Mama kipaza sauti. Waliokuwa karibu walimshika mikono pande zote mbili, kwa kuwa walidhani atazimia.

Hakuzimia. Alisubiri mpaka hata wanawake waliokuwa kwenye masufuria nyuma ya nyumba wakanyamaza.

"Mume wangu alinipikia," alisema.

Akarudisha kipaza sauti, akaketi.